Nyundo Niliyopigia Milombwa

Siku ya kwanza ya kazi nilirudi kambini na damu kwenye shati, na haikuwa damu ya mtu wala ya mnyama. Ilikuwa ya mti. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, nimetoka shule ya mapadri pale Likasi, na shati lile jeupe mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya makaa kwa heshima ya siku ile. Serikali ilikuwa imechukua migodi muda mfupi tu nyuma, na kampuni ilitafuta vijana wa kushika kazi ambazo zamani zilishikwa na Wazungu wadogo-wadogo. Wenzangu walipewa kalamu, wengine walipewa mashine. Mimi nilipewa nyundo.

Niseme kwanza kwamba ninaandika kwa Kiswahili cha mapadri, kwa sababu ndicho walichonifundisha kuandika. Watu ninaowataja hawakusema hivi, wala mimi nyumbani sisemi hivi. Maneno yao nitayaacha kama yalivyotoka midomoni, na asiyeyapenda asisome.

Nyundo yenyewe haikuwa ya kupigilia misumari. Upande mmoja ilikuwa shoka dogo, upande wa pili uso wa chuma wenye herufi mbili za kampuni zilizoinuka kama kwenye muhuri. Kazi yangu iliitwa upigaji alama. Unaufikia mti, unaupima unene wake kwa utepe kwenye kimo cha kifua, unautazama kama umenyooka na kama una tundu. Ukifaa, unachubua gome kwa shoka hadi uone mti mweupe, unageuza nyundo, unapiga herufi. Halafu unainama na kupiga tena chini kabisa, karibu na mizizi. Alama ya kifuani itaondoka na gogo kwenye lori. Ile ya chini itabaki kwenye kisiki, iwe shahidi kwamba mti ulikatwa kwa ruhusa. Kisiki kisicho na herufi ni wizi, na mwizi wa mti wa kampuni alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Mukubwa wangu wa kwanza alikuwa Mzungu mzee, mkuu wa idara ya mbao, aliyekuwa na mguu mmoja mgonjwa na asiyependa maneno mengi. Alinisimamisha mbele ya mulombwa wangu wa kwanza. Watu wa mashariki wanauita mninga. Ni mti wa milango, viti na meza za wakurugenzi, mti ambao moyo wake mchwa hawauli. Nilichubua, nikapiga kwa nguvu zote za ujana, nikageuka kwenda kwenye mti unaofuata.

"Unaenda wapi?" akaniuliza. "Ngojea. Muti haiyalia bado."

Sikuelewa. Nikasogeza uso karibu kutazama, nikalipangusa jeraha kwa mkono wa shati, na hapo utomvu mwekundu ukaanza kutoka kwenye gome, mzito, ukajaza herufi moja baada ya nyingine, na shati likaharibika. Mulombwa hutoa damu, na damu hiyo ikikauka inakuwa gundi nyeusi-nyekundu ambayo mvua haiiondoi. Ndiyo maana wavuvi wa ziwa Tshangalele walichemsha gome lake kutia nguvu nyavu zao, na wanawake walisaga mizizi kupata unga mwekundu wa kumpaka mama aliyetoka kujifungua. Sisi tulikuwa na matumizi yetu. Mpigaji alama hakuondoka kwenye mulombwa mpaka ameona herufi zimejaa. Alama iliyolia ilikuwa alama ya kweli.

Mkuu wa wakataji alikuwa amesimama nyuma akicheka shati langu. Jina lake Kaumba, mtu mfupi mwenye mabega mapana, baba yake aliletwa kutoka Kasai na waandikishaji wa migodi. Alinizidi miaka kama kumi.

"Muti imekubatiza, mudogo," akasema. "Sasa uko muntu wa pori."

Tangu siku ile nikamwita Yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake wa tumbo moja, naye akaniita mudogo hadi siku nitakayoieleza.

Miaka miwili tulikuwa upande wa Kambove, tukitafuta magogo ya kuzuia mawe chini ya ardhi. Huko hakukuwa na uzuri wowote wa kazi. Mti wa mgodi hauchaguliwi, unavunwa tu kama mahindi. Baadaye tukahamishiwa bonde la Lufira, juu ya bwawa la Mwadingusha, kutafuta milombwa kwa ajili ya karakana ya maseremala ya Likasi. Huko ndiko maisha yangu yaliishia, ingawa nilikuwa bado kijana.

Vijana wa leo wananiuliza, baba, pori lilikuwaje? Lilikuwa upweke. Nyaya kubwa za umeme kutoka bwawani zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwasha Likasi na viwanda vyake, na sisi chini yake tulikuwa na taa moja ya mafuta. Lori lilikuja mara mbili kwa mwezi. Nyumbani nilifika siku tatu kila mwisho wa mwezi, na mtoto wangu wa pili alipofika umri wa kusema aliniita "papa wa lori". Mke wangu Bernadette alicheka mara ya kwanza. Miaka ilivyokwenda aliacha kucheka, na miaka ilivyoendelea aliacha pia kuniuliza nitarudi lini. Sikumlaumu. Hata mimi, siku tatu zile nilikaa kwenye kiti cha sebule yangu kama mgeni anayengoja kupewa maji.

Kwa hiyo nilikuwa na Kaumba. Alipika bukari, yaani ugali, lenye mabonge, aliimba nyimbo za misa bila kufuata sauti, na alinitania kila asubuhi kwamba nyundo yangu ilikuwa nyepesi kuliko kijiko. Mke wake, Mama Ngalula, alimtumia kifurushi kwenye kila lori: mboga za lengalenga zilizokaushwa, dagaa wa kapenta, chumvi, sabuni. Baada ya mwaka wa kwanza vifurushi vikawa viwili. Cha pili kilikuwa changu. Sikumwomba. Nilipomuuliza Kaumba, akasema, "Alisikia asema bibi yako iko na kazi mingi." Ndivyo alivyoifunika aibu ya nyumba yangu, na kwa miaka minane nilikula mboga za mwanamke yule.

Mwezi wa tisa ulikuwa mwezi wetu wa kuhesabu. Kabla mvua haijaanza na majani hayajarudi, mulombwa huchanua maua ya manjano ya rangi iliyoiva, na nyuki wanalia humo hadi mtu anashindwa kusikia anachoambiwa. Maua hayakai hata wiki mbili. Tulipanda kilimani, Kaumba na mimi, tukaona bonde lote na manjano imetawanyika hapa na pale, tukachora kila doa kwenye karatasi. Mwaka mzima uliobaki tulitembea kutoka doa hadi doa. Baada ya maua yanakuja matunda yake, bapa na ya duara kama yai lililokaangwa, na katikati yake miiba.

Wakati wa kubadilisha majina, serikali ilipotutaka tuache yale ya Kizungu, ulipita, Mzungu mzee akaenda kwao, na tukapewa mkuu wa sekta ambaye lazima umwite Citoyen, yaani raia. Alikuwa mtu wetu, aliyesomea misitu, mkali lakini si mwonevu. Hakuwahi kupaza sauti. Aliijua miti kuliko Mzungu yule, na neno hilo ninamlipia kama haki yake.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka mmoja, miezi ya baridi, nilichukua likizo yangu ya mwezi mzima. Nikaenda na Bernadette kwa wazazi wake, kijiji cha mbali kupita Kambove, kujaribu kuitengeneza ndoa. Nyundo niliifungia kwenye sanduku la chuma kambini, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu pamoja na medali ya Bikira Maria. Haukutoka shingoni. Kumbukeni hilo.

Nikiwa huko, redio ya kambi ikampa Kaumba habari kwamba Mama Ngalula amefariki hospitalini Likasi. Lori lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Kampuni ilitoa sanduku la kuzikia kwa mke wa mfanyakazi, lakini lilikuwa la ekaliptisi, na sisi watu wa miti tulijua mchwa wanafanya nini na ekaliptisi. Kaumba akachukua shoka, akaenda kwenye mulombwa mmoja karibu na kijito, mti mwembamba ambao haujatimiza kipimo na haukuwa na alama. Akaukata. Kutoka asubuhi hadi jua linazama alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, akisaidiwa na wenzake, akazipakia mbichi, nzito, zikiwa bado zinatoa damu. Ngalula alizikwa ndani ya mbao hizo, na mimi sikuwepo.

Niliporudi alikuwa ameshafika kazini. Alinieleza yote tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, bila kulia. Nikamwomba msamaha kwa kutokuwa kwenye kilio.

"Hapana kosa yako, mudogo. Ulikuwa mbali. Lakini siku ya kutosha kilio utakuya. Utaikala pembeni yangu."

Kwa wasiojua desturi: wakati wa kilio watu wote wanakaa na mfiwa. Kilio kinapotoshwa, yaani kinapoondolewa, miezi baadaye, ndugu wanakutana tena, nguo za msiba zinavuliwa, watu wanakula na kuimba. Siku hiyo mfiwa anakaa katikati, na anayekaa pembeni yake ni mtu aliyemchagua mwenyewe. Huwezi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo na mtu asiye wa damu yako. Nikamwambia, "Nitakuya, Yaya." Siku ilikuwa imepangwa mwezi wa tisa.

Kilibaki kisiki. Redio ilisema Citoyen mkuu wa sekta anakuja kukagua, na kisiki cha Kaumba kilikuwa hakina herufi. Kaumba hakuniomba chochote. Nilichukua nyundo mwenyewe, nikaenda kijitoni peke yangu. Mti ulikuwa umekatwa wiki tano nyuma, katika ukame, na gome lilikuwa limekauka. Kwa sababu niliogopa alama ionekane mpya, nikachimba kwa shoka ndani zaidi ya kawaida, nikaupita mti mweupe hadi kwenye moyo mwekundu wenyewe, nikapiga herufi hapo. Nikapaka udongo. Nikaondoka bila kungoja ilie, kwa sababu nilijua haitalia. Miaka kumi na moja ya kazi, na nilidhani mtu aliyesomea misitu hatajua nilichofundishwa siku ya kwanza.

Alikuja baada ya siku nne. Alitembea kisiki kwa kisiki, sisi sote nyuma yake. Kwenye kila mulombwa alitema mate kwenye kidole gumba, akasugua herufi, kidole kikatoka chekundu. Alipofika kijitoni akapiga magoti. Akasugua. Akakitazama kidole chake, akatuonyesha. Kilikuwa na udongo tu.

"Citoyen Kabamba," akaniambia, "hii muti ilipigwa alama ikisha kufa. Nani alipiga?"

Nilikuwa na jibu moja la kweli, na lilikuwa rahisi: mimi. Mpigaji alama anayepiga alama ya uwongo anaondoka siku ile. Anaondoka na nyumba ya kampuni, na hospitali, na shule ya watoto, na unga wa mwezi. Bernadette alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa nne, ile ya likizo. Niliogopa. Sina neno lingine la kuliweka hapo, na nimelitafuta miaka mingi.

Nikasema, "Citoyen Chef, wakati nilienda congé, funguo nilisahau ku musumari mu nyumba."

Sikumtaja mtu. Huo ndio ujanja niliojisifia usiku na mchana, kwamba sikumtaja mtu. Kambini kulikuwa na mtu mmoja tu aliyehitaji mti ule.

Mkuu akageuka. "Kaumba, ni weye ulikata hii muti?"

"Minye njo nilikata. Ya sanduku ya bibi yangu."

"Na alama?"

Kaumba alinitazama. Hakutazama kama mtu aliyekasirika, alitazama kama anayepima mti. Alijua ufunguo ule hautoki shingoni mwangu, hata nikioga mtoni alikuwa akinitania nao. Angesema neno moja tu, ningeondoka mimi.

"Kama funguo ilibakia ku musumari," akasema, "basi ni minye."

Aliondoka na lori lile lile lililomleta mkuu, amekaa nyuma pamoja na shoka zake mbili. Hakunipa mkono, nami sikusogea kuutafuta. Mwisho wa mwezi watoto wake watatu walitolewa kwenye nyumba ya kampuni. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa uzembe wa funguo, na nyundo nikabaki nayo.

Mwezi wa tisa ulifika, milombwa ikachanua. Jumamosi ya kutosha kilio niliomba ruhusa, nikapanda lori, nikashuka Likasi nimevaa shati jeupe. Nilitembea hadi kwenye kona ya mtaa alikopanga Kaumba. Nilisikia wanawake wanaimba, nikasikia sahani. Nilisimama pale kwa muda wa rozari nzima. Ningeingia, angenikaribisha, na nilijua hilo, na ndilo lililonishinda. Nikageuka, nikarudi kwenye stendi ya malori.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na minne zaidi, na ninaweza kuisimulia kwa mistari michache. Walikuja wakataji wengine, vijana wenye misumeno ya injini. Nilikula peke yangu. Vifurushi vilikoma. Citoyen mkuu alipandishwa cheo akaenda Lubumbashi, wakaja wengine ambao hawakusugua alama yoyote. Kisha mafuta yakawa shida, malori yakabaki matatu, kisha moja, na magogo yaliyokatwa yakaoza njiani kabla ya kubebwa. Siku ya kustaafu niliikabidhi nyundo kwenye dirisha la ofisi. Karani alizitazama herufi zilizolika, akaniuliza ilikuwa ya kazi gani.

Kustaafu kunampa mtu muda wa kuhesabu alichofanya, na hesabu yangu ni ya ajabu. Seremala anaweza kukuonyesha mlango wake. Fundi wa shaba atakuonyesha bomba la moshi. Kila mti nilioweka alama ulianguka, ndiyo ilikuwa maana ya alama. Zile za kifuani zilikwenda na malori, na zile za chini zilikuwa kwenye mti mweupe, ambao mchwa wanaumaliza kwa miaka mitatu. Nyumbani Bernadette na mimi tunaheshimiana, tunasalimiana vizuri. Watoto walikua bila mimi na wakakua sawa. Mkinitaka niwape shauri la kazi, ninalo moja: msiseme uongo mdogo unaotumia mdomo wa mtu mwingine. Mengine mtajifunza wenyewe.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilipanda lori la wafanyabiashara kwenda barabara ya Kambove, mahali nilipoambiwa Kaumba anachonga viti. Nilimkuta chini ya paa la mabati, mvi tupu, mabega yamepungua, anapiga randa. Kulikuwa na viti vidogo vingi kando yake. Aliinua macho, akanitambua, akaendelea kupiga randa.

"Yambo, Yaya," nikasema.

"Yambo, Kabamba."

Mudogo ilikuwa imekwisha. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, ya funguo, ya msumari, ya watoto wa nyumba yangu. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Ile ya funguo nilisamehe siku ile ile, mule mu lori. Muntu anaogopa, ni vile. Lakini kiti yako ilibakia wazi mpaka magaribi. Watu walitaka kuikala, minye nikakatala. Watoto wakauliza: papa, ni ya nani? Nikasema iko mu njia, anakuya."

"Nilifika," nikasema. "Nilifika mpaka ku kona."

Aliacha randa. Nadhani hilo hakulijua. Akapangusa vumbi la mbao kwenye magoti.

"Ile kisiki ya ku kijito iko?" akauliza.

"Iko."

"Na alama?"

"Iko. Nilipiga ku moyo ya muti. Mchwa haikule pale." Nilikuwa nimekipita kisiki kile kila mwaka kwa miaka kumi na minne. Alama zangu zote za kweli zimeoza, na ile moja ya uwongo inasomeka hadi leo.

Kaumba akatikisa kichwa polepole.

"Basi na Ngalula sanduku yake iko," akasema. "Ni muti moja."

Akarudi kwenye randa. Hakuniambia kaa, wala hakuniambia ondoka. Nilivuta kiti kimoja kati ya vile alivyokuwa akiuza, nikakiweka pembeni yake, nikakaa. Lori la mwisho la kurudi Likasi likapita barabarani, dereva akapunguza mwendo kunitazama, na sikunyanyua mkono.